Wayafunge Madirisha

Jumatatu, 6 Oktoba

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakuomba kwa chochote unachokiheshimu: lifunge. Ikiwa huwezi, basi soma, lakini lisikutoke hata neno moja, si kwa rafiki, si kwa mwenzi wako, si mezani mkila. Mimi ni karani wa mkataba katika Nyumba. Ndivyo tunavyoliita sisi tunaofanya kazi humo, jengo la vioo hapa Brussels ambamo wabunge wa nchi zote hizi za Ulaya hukaa kubishania sheria. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Desemba, na kuongezwa au kutoongezwa kuko mikononi mwa watu ambao ninawaandika.

Maana kosa langu ndilo hilo: nina blogu. Inaitwa Nyuma ya Kioo, kwa sababu dirisha la ofisi yetu linatazama kioo cha jengo la pili na siku nzima sioni ila taswira yetu wenyewe. Huko naeleza siasa za Ulaya kwa watu wasio na muda wa kusoma mafungu ya marekebisho: nani amebadili nini katika sheria, na kwa manufaa ya nani. Jina langu halimo. Wasomaji ni wachache, na nadhani wengi wao ni wanafunzi waliochelewa na tasnifu zao.

Kule naandika ninayoyajua. Humu nitaandika ninayoyaogopa.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Nimeacha mwavuli kwenye metro.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sheria ya msimu huu ni ya dawa za kunyunyizia mashamba. Rasimu inasema mkulima asinyunyizie karibu na shule au nyumba ya mtu kwa umbali wa mita hamsini. Mbunge anayeisimamia ni Mheshimiwa Wendelin Strobl wa Austria. Huyu ndiye anayekaa na wabunge wa vyama vingine mpaka wakubaliane maneno ya kupigiwa kura. Watu wanampenda. Anakumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtu, hata wa usafi. Yangu pia aliikumbuka.

Ofisini nakaa na Anacleto Brandão, Mreno, ambaye hula tangu anapofika mpaka anapoondoka.

“Umeisoma Nyuma ya Kioo leo?” akaniuliza, mdomo umejaa mkate.

“Mimi sina muda wa mablogu.”

“Ndiyo maana unakonda. Huyo mtu anajua mpaka nani alisinzia kikaoni. Mimi nasema ni mwanamke.”

“Kwa nini?”

“Anaandika vizuri halafu hana raha.”

Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili. Kisha nikaenda msalani kunawa uso.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo nimekaripiwa na mkalimani. Bi Hedwig Lambertz anatoka Eupen, kule mashariki ambako Wabelgiji huzaliwa wakisema Kijerumani. Ni mwanamke mrefu mwenye nywele za kijivu, anayekula tufaha ndani ya kibanda cha kioo cha wakalimani, msemaji mmoja akimaliza kabla mwingine hajaanza. Baada ya kikao alinifuata mpaka mlangoni.

“Kijana, hiyo kalamu yako unaibofyabofya kwa nini?”

“Samahani, Madam. Ni mazoea.”

“Kwako ni mazoea. Ukiibofya karibu na kipaza sauti, mimi masikioni mwangu ni bunduki.”

Akaenda zake. Anacleto anasema mama huyo hajawahi kutabasamu tangu Ulaya ilipoungana. Mimi namwogopa. Ana namna ya kukutazama kupitia kile kioo kana kwamba amekwisha kukutafsiri.

Jumatano, 15 Oktoba

Hakuna jambo. Mvua nyepesi.

Jumatano, 22 Oktoba

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Kikao cha leo kilikuwa cha faragha. Chumba kidogo, wabunge wanne: Mheshimiwa Strobl, Mhispania, Mswidi na Mgiriki. Msaidizi wa Strobl alikaa nyuma yake. Madam Odile Fauconnier, mkuu wa sekretarieti yetu, alikaa pembeni ya meza, na mimi nyuma yake na kompyuta, kazi yangu kuandika yaliyokubaliwa. Kibanda kilikuwa kimoja tu, Bi Lambertz peke yake, kwa kuwa mwenzake aliamka na homa. Wote walizungumza Kiingereza, isipokuwa Strobl. Yeye anayo haki ya kusema lugha yake na huitumia. Akisema, watu huvaa visikilizi na kumngoja Bi Lambertz awape Kiingereza.

Mimi huvaa pia, kwa adabu. Lakini sivihitaji. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpishi katika hoteli moja upande wa Austria, kilomita chache kutoka kwetu Slovenia, na Kijerumani alinifundisha kwa kunigombeza. Kwenye fomu za Nyumba sikukiandika, kwa kuwa hapa lugha isiyo na cheti haihesabiwi kuwa lugha. Hakuna anayejua.

Strobl alitaka mita hamsini zishuke ziwe tano. Mswidi akamuuliza: na shule je? Mashamba ya matufaha yameizunguka shule, watoto wako uani, upepo unavuma.

Strobl hakukasirika. Alijinyoosha kitini akasema kwa sauti ile ile anayokutakia nayo heri ya kuzaliwa: “Watoto wana madirisha. Wayafunge.”

Niliinua uso kutoka kwenye kompyuta. Halafu sauti ya Bi Lambertz ikafika, imechelewa kidogo kama kawaida yake: “Wakazi nao wanayo nafasi ya kuchukua tahadhari.”

Mswidi akaandika kwenye karatasi yake. Mgiriki akaitikia kwa kichwa. Kikao kikaendelea, maana kwa masikio yao hakuna lililosemwa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimeichapisha. Nimeandika maneno yenyewe kama yalivyotoka kinywani mwake, na jina lake. Nilipobofya nilihisi mimi ni mtu mzima. Baada ya kikombe kimoja cha kahawa nikahisi mimi ni mjinga.

Jumatatu, 27 Oktoba

Magazeti matatu yameyanukuu. Chini ya makala wasomaji wamefurika, wengi wakitukanana wao kwa wao. Lakini mmoja, aliyejiita Mwalimu wa Bondeni, ameandika mstari mmoja tu: “Madirisha ya darasa langu hayafungiki.”

Nimeusoma tena na tena. Kwa mara ya kwanza nimejua kwamba kule ng’ambo ya blogu kuna chumba, na ndani yake wamo watu.

Jumanne, 28 Oktoba

Madam Fauconnier ametukusanya. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na akikasirika hushusha sauti mpaka watu wote wanainama kumsikia.

“Kilichosemwa katika chumba kile kilisemwa kwa watu wa chumba kile,” alisema. “Waheshimiwa hawawezi kukubaliana kama kila neno linakwenda sokoni. Aliyelitoa atajulikana.”

Anacleto akaninong’oneza, “Sokoni angepata bei nzuri.” Sikuweza kucheka. Nilikuwa nimeuma shavu kwa ndani.

Jumamosi, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Watu wanabeba maua ya krisanthemu makaburini. Nimeshinda kitandani.

Jumanne, 4 Novemba

Sasa wameelewa jambo ambalo mimi sikulifikiria. Maneno yaliyochapishwa siyo maneno yaliyoingia masikioni mwa watu. Wote waliovaa visikilizi walisikia “tahadhari”. “Madirisha” yalisikiwa na anayejua Kijerumani peke yake. Kwa hiyo wameifungua orodha ya lugha za kila mtu aliyekuwemo. Wanaojua Kijerumani ni Strobl mwenyewe, msaidizi wake, na Bi Lambertz.

Anacleto alipoleta habari hizi macho yalimng’aa. “Si niliwaambia ni mwanamke? Tena jina lenyewe limemtaja! Nani mwingine anakaa nyuma ya kioo siku nzima?”

“Huenda siye,” nikasema.

“Sasa ni nani, wewe?” Akacheka mpaka makombo yakamruka. “Wewe, Tadej, unaomba ruhusa kufungua droo yako mwenyewe!”

Nilipata kinga bila kuiomba. Namshukuru Mungu na nafsi inanisuta, vyote kwa pamoja, na sijui nianze na kipi.

Jumanne, 11 Novemba

Mapumziko. Ukungu.

Ijumaa, 14 Novemba

Kibandani kulikuwa na mkalimani mwingine, kijana mwenye tai. Nilimuuliza Anacleto, nikijifanya naokota karatasi.

“Lambertz? Strobl amemlalamikia kwa maandishi. Mpaka lalamiko lichunguzwe, hapangiwi kazi.”

“Wamemfukuza?”

“Hawa wa kujitegemea hawafukuzwi, ndugu yangu. Huitwa kwa siku. Simu haiiti, basi.” Akaacha kutafuna. “Ana mume mgonjwa, unajua? Hatoki nyumbani miaka sasa. Nimeambiwa leo na wa mapokezi.”

Hakufanya mzaha wowote baada ya hapo. Alikitazama kibanda muda mrefu, kisha akasema, “Amejieleza nini, unadhani? Hakusema kitu. Walimwita, akawaambia yaliyopita kibandani hayazungumzi. Hata kujitetea amekataa.”

Nimeelewa jioni hii nilipokuwa namenya viazi. Ili aseme si yeye, itambidi aseme kwanza kwamba aliyalainisha maneno ya mbunge. Na mkalimani anayelainisha amevunja sharti lake la kwanza. Nimemfungia njia pande zote mbili.

Jumatatu, 17 Novemba

Sikulala. Blogu nimeiacha kimya.

Alhamisi, 20 Novemba

Tumepakia masanduku ya Strasbourg. Kila mwezi Nyumba nzima hupanga karatasi zake ndani ya masanduku, huyaacha koridoni, na malori huyapeleka kusini ili wabunge wakapige kura kule kwa siku nne kisha wote turudi. Langu limenibana kidole.

Jumatano, 26 Novemba

Leo nimeonana naye.

Nilishuka Uwanja wa Jourdan kununua chipsi. Foleni ilikuwa ndefu, mvua inanyesha, na mbele yangu palikuwa na mwavuli mweusi. Ulipogeuka, chini yake alikuwa Bi Lambertz.

“Aa, kijana wa kalamu,” alisema. “Ingia chini, utalowa.”

Nikaingia.

“Habari za nyumbani, Madam?” Nilijisikia mjinga hata kabla ya kumaliza.

“Nyumbani kunashangaa kuniona. Mume wangu anasema sasa nampikia sana, nitamuua mapema.” Akatikisa mwavuli. “Wewe hujambo? Umekonda.”

“Madam, mimi...”

Aliinua kiganja. “Usiniambie kitu.”

“Lakini nataka—”

“Sikiliza kwanza. Unajua sisi mle kibandani tunaona nini? Nyuso. Msemaji akisema, chumba kizima hakina habari. Mimi nasema, halafu ndipo nyuso zinabadilika. Wanacheka nikishamaliza, wananuna nikishamaliza. Nimezoea kuwaona watu wakinichelewa.” Foleni ikasogea, tukasogea nayo. “Siku ile uso mmoja haukunichelewa. Ulikunjamana kabla sijafungua mdomo.”

Mvua ilikuwa inanipiga bega moja na sikulihisi.

“Ulijua tangu siku ile,” nikasema.

“Niliona. Kujua ni jambo lingine.”

“Kwa nini hukuwaambia?”

“Niliona nikiwa kibandani. Ya kibandani si yangu, si ninayoyasikia, si ninayoyaona.”

“Na kulainisha je?” Lilinitoka kama tusi, nikaona haya.

Hakuudhika. “Miaka mingi nimesema maneno ya watu kwa mdomo wangu. Mazuri na machafu, nimeyapitisha yote. Lile mdomo ulilikataa. Sikumsitiri yeye. Nilishindwa kazi, basi, na ingekuwa vizuri zaidi kama ningelisema lilivyo. Mswidi yule angejibu. Pengine usingehitaji kuandika chochote.” Akanitazama, na ndiyo mara ya kwanza nilipoona kwamba macho yake si makali ila yamechoka. “Sasa usiniambie kitu, kijana. Ukiniambia hapa, nitakuwa nimejua nje ya kibanda. Na nje ya kibanda mimi sina kiapo.”

Muuzaji akapiga kelele, “Mama, sosi gani?”

“Ya mayai,” akasema. “Na ya huyu mwanangu iwe hiyohiyo, hawezi kuamua.”

Jumanne, 2 Desemba

Kamati inayoishughulikia sheria ya dawa imepiga kura. Mita ishirini. Si hamsini, si tano. Nimefungua blogu kuangalia tu. Mwalimu wa Bondeni ameandika: “Mita ishirini kutoka darasani zinaishia kwenye bembea.”

Ijumaa, 5 Desemba

Kesho ni sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, na kila meza ilikutwa asubuhi na machenza na biskuti za viungo. Juu ya yangu palikuwa pia na sanamu ndogo ya Nikolasi ya chokoleti. Alikuja nayo Mheshimiwa Strobl mwenyewe.

“Tadej! Nimezungumza na Madam kuhusu mkataba wako,” alisema kwa Kiingereza chake cha shida, mkono begani mwangu. “Nimemwambia, siku hizi watu waaminifu ni wachache. Huyu kijana anaandika, hasemi. Tumshike.”

“Asante, Mheshimiwa.”

“Na yule mama, inasikitisha. Lakini ndiyo hivyo.” Kisha akageuka kwa msaidizi wake, akasema kwa Kijerumani, polepole, kama mtu anayesema mbele ya fanicha: “Anafanana na mbwa niliyekuwa naye utotoni. Unampa mfupa, anakutolea machozi.”

Sikukunja uso. Nilikuwa nimejifunza. Nilitabasamu, nikangoja, kama watu wote wanavyongoja, sauti ambayo haikuja.

Walipotoka nilikaa na ile chokoleti mkononi mpaka ikaanza kulainika. Nilikuwa nadhani ninamwogopa Bi Lambertz kwa kuwa ananiona. Nadhani nilikosea wa kumwogopa. Mtu wa kuogopwa ni yule asiyekuona kabisa na bado anakushika bega.

“Hiyo huli?” akauliza Anacleto.

“Chukua.”

Aliichukua, akaitazama, akairudisha mezani. “Sina hamu,” alisema. Anacleto!

Jumatatu, 8 Desemba

Niliingia kwa Madam Fauconnier asubuhi, kabla koti halijakauka. Nilikuwa nimejiandikia la kusema, nikalisahau lote.

“Madam, mimi najua Kijerumani.”

“Hongera. Unataka nyongeza?”

“Nilikijua pia tarehe ishirini na mbili Oktoba.”

Aliweka kalamu chini. Nje ya dirisha mvua iliteremka kwenye kioo cha jengo la pili. Alishusha sauti, nikainama kumsikia kama wote tunavyofanya.

“Hiyo blogu ni yako?”

“Ndiyo. Yote. Bi Lambertz hakutoa neno. Hakujua kama ipo.”

“Unaelewa kwamba ulikuwa umeshapona? Karatasi yako ya mkataba iko hapa.” Aliigusa kwa kidole. “Ilibaki sahihi.”

“Naelewa.”

“Basi kwa nini, Tadej? Amekutisha?”

“Hapana. Aliniingiza chini ya mwavuli wake.”

Alinitazama kana kwamba nimesema lugha isiyo na cheti. Nilikuwa natazamia hasira. Badala yake alifungua droo, akaitia ile karatasi ndani, akaifunga taratibu.

“Sina haja ya kukufukuza,” alisema. “Mkataba unaisha mwezi huu. Kalenda itanifanyia kazi hiyo. Nitaandika leo kuhusu Hedwig.” Nilipofika mlangoni aliongeza, bila kuinua macho: “Mimi nami nilisikia ‘tahadhari’. Nikaiandika. Nilidhani ni jibu zuri.”

Jumanne, 9 Desemba

Nimechapisha makala ya mwisho ya msimu huu na nimetia jina langu chini. Nimeeleza kwamba maneno ya madirisha niliyasikia mwenyewe, kwa masikio yangu, nikiwa nimekaa nyuma ya meza, na kwamba hakuna mkalimani aliyeyatoa. Kuhusu kulainishwa kwake sikuandika. Hiyo ni ya kibandani.

Anacleto aliisoma akiwa amesimama. “Wewe?” alisema. “Wewe wa droo?” Alikaa, akavunja mkate wake vipande viwili, akanisukumia kimoja.

Ijumaa, 12 Desemba

Bi Lambertz yumo kibandani. Nilimwona kwa mbali nikirudisha funguo, maana siku za likizo zilizonibakia zinanifikisha mwisho wa mkataba. Alikuwa anakula tufaha. Aliponiona aligonga kioo mara moja kwa kalamu, akaibofya makusudi, na akatabasamu. Anacleto hataniamini.

Jumatatu, 15 Desemba

Mwanzoni nilikuomba, uliyelifungua daftari hili, usiseme neno. Nakufungua kinywa. Mwambie unayetaka.

Na kama wewe ni Mwalimu wa Bondeni, au una chumba chenye watu ndani ambacho sheria zetu zinakifikia na hakuna aliyekuuliza, mimi ni Tadej Kobal. Kwa sasa sina ofisi wala barua pepe ya Nyumba. Njoo Etterbeek, shuka kituo cha Merode, fuata ukuta wa bustani mpaka ulipo duka la fundi viatu. Mimi niko juu yake, ghorofa ya pili. Kengele yenye jina langu imekufa tangu kiangazi, usihangaike nayo. Ukimkuta fundi, atapanda kuniita, ila atakueleza kwanza habari za mgongo wake. Usipomkuta, simama ng’ambo ya barabara uite kwa lugha yoyote uliyo nayo. Nitakusikia. Kuna baridi, lakini dirisha nimeliacha wazi.